Dishi kwenye Coaster tunayolala: kila tukihama kambi picha inapotea

MchimbaVisima_Dom

Wakuu, mbukwenyi. Naombeni msaada wa mtu anayelijua dishi kweli, siyo wa kubahatisha.

Ni msimamizi wa timu ya kuchimba visima vya maji, tuko tisa. Kazi zetu ni Bahi, Chemba, Kondoa, Mpwapwa, na mara nyingine tunavuka hadi Manyoni na Itigi. Mwamba ukiwa laini tunakaa siku nne, ukiwa mgumu hata wiki mbili, halafu tunahama. Mwaka jana tulipata Toyota Coaster ya dizeli iliyochoka, tukang'oa viti, tukaweka vitanda vitatu vya deka, jiko la gesi na paneli moja ya sola juu ya paa. Watu sita wanalala humo, watatu kwenye hema. Hiyo ndiyo nyumba yetu kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Msinielewe vibaya, sitafuti anasa. Msimu uliopita tulikuwa porini, kilomita kumi na moja kutoka senta. Ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Vijana wanne wakaondoka jioni na bodaboda mbili kwenda kuangalia kwenye banda la video. Wakati wa kurudi, usiku, njia ni mchanga mtupu, bodaboda moja ikaingia korongoni. Kijana wangu wa kushika mabomba akavunjika mtulinga. Nilikaa naye kwenye benchi la hospitali mpaka alfajiri, mama yake akanipigia, nikakosa la kumwambia. Nikaamua mpira utaangaliwa kambini.

Nikanunua king'amuzi cha Azam na dishi la sentimita 80. Fundi mmoja wa mjini akachomelea bomba kwenye keria ya paa, akafunga dishi, akalitega pale pale gereji. Picha safi kabisa, nikalipa. Tulipofika Bahi, hakuna kitu. Nikampigia, akasema geuza gari liangalie kama lilivyokuwa linaangalia huku. Tukaligeuza nusu saa nzima, mbele, nyuma. Picha ikaja. Vijana wakashangilia, wakapanda ndani, picha ikakata. Wakishuka inarudi, wakipanda inakata. Mpaka leo ndiyo hali yetu.

Nina maswali mawili. Tatizo ni dishi, ni fundi, au ni gari lenyewe? Na yale madishi ya kuba ninayoyaona juu ya magari ya Wazungu wanaopita na nyumba zao barabarani, yanayojitafutia yenyewe, yanafaa huku kwetu? Halafu inveta nayo imeanza kulia kila baada ya saa moja, sijui kama yanahusiana.

---

Kijana_Makole

Pole sana kwa kijana, mkuu. Kwa nini msiangalie kwa simu tu, mkaiunganisha na TV? Hutahangaika na dishi.

MchimbaVisima_Dom

Asante ndugu yangu. Tungekuwa mjini ningefanya hivyo. Ila mahali ambapo watu hawana maji, mara nyingi na mtandao hamna. Kuna kambi ambayo ili kupiga simu napanda juu ya mtambo.

---

FundiDishi_Nkuhungu

Kaka, shikamoo kama umenizidi umri, na pole kwa kijana wako. Nafunga madishi hapa Dodoma mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilifundishwa na kaka yangu, naye alikuwa akisema dishi halipendi kubembea. Habari yako imenigusa, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Tatizo ni gari, na mtu aliyekufungia juu ya gari alipaswa kukwambia hivyo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Iko hivi. Setilaiti unayoitafuta iko juu ya mstari wa ikweta, kilomita karibu 35,786 kutoka usawa wa bahari, kwenye digrii 7 Mashariki. Inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu inaonekana imesimama pale pale usiku na mchana. Yenyewe haihami. Dishi lako ndilo linalohama. Sasa chukua kidole chako ukiweke kwenye ukingo wa dishi la sentimita 80. Ukingo ukisogea kwa upana wa kidole hicho tu, umeshapotea kwa digrii mbili, na kwa dishi la ukubwa huo digrii mbili ni nyingi mno. Sasa fikiria Coaster, upana wake ni kama mita mbili. Vijana wakipanda upande wa mlango, springi zikashuka sentimita tatu na nusu, gari zima limelala digrii moja, na dishi limelala nalo. Hapo hapo picha inaanza kukatakata. Hujarogwa na king'amuzi hakijafa.

Kwa hiyo ng'oa hilo bomba la juu ya keria. Dishi lisimame ardhini, peke yake, mbali na gari. Nyie mna mashine ya kuchomelea na vipande vya mabomba, ni kazi ya mchana mmoja. Tengeneza stendi ya miguu mitatu, mguu mmoja au miwili iwe na uwezo wa kurefuka, katikati usimamishe bomba linaloingia kwenye mkono wa dishi bila kucheza. Urefu wa kiunoni unatosha, usiupandishe juu, kwa sababu upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa sita mnaujua. Chini ya stendi weka ndoano. Hapo ning'iniza dumu la lita 20 la maji au mfuko wa zile kokoto mnazomwaga kwenye visima. Dishi bila mzigo ni tanga la jahazi.

Faida nyingine ni kwamba gari linaweza kukaa kwenye kivuli cha mbuyu na dishi likakaa juani. Mtu mwenye dishi juu ya paa anachagua kati ya kivuli na mpira kila siku.

Sasa kulitega. Hapa ndipo watu wanapoteza jioni nzima, kwa sababu wanazungusha kila kitu kwa wakati mmoja. Kuna vitu vitatu: kuinuka, mwelekeo, na kuzunguka kwa LNB, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Viwili kati ya hivyo utavifunga mara moja tu na kuvisahau.

Kuinuka, ukiwa Dodoma mjini ni digrii 56. Ukienda Mpwapwa ni 55, Kondoa ni 56, Itigi ni 57. Umeona? Eneo lenu lote la kazi halizidi tofauti ya digrii mbili. Kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo inavyopanda, Tabora ni 59, Kigoma 63. Kwa hiyo tega kwenye 56, kaza nati, piga alama ya rangi. Lakini namba hiyo ina maana tu kama bomba la stendi limesimama wima kabisa. Weka pima maji kwenye bomba pande mbili, mbele na ubavuni, urekebishe miguu mpaka povu likae katikati. Ukiruka hatua hii, mengine yote unajisumbua. Na usishtuke ukiona uso wa dishi kama unatazama chini kuliko 56. Madishi haya LNB yake haikai katikati, kwa hiyo sahani inaonekana imesimama zaidi ya kule inakotazama. Fuata namba za kwenye mkono wake.

LNB. Picha nyingi za maelekezo zimechorwa kwa nchi za Ulaya, ambako inainamishwa kidogo tu. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti hii iko magharibi yetu, kwa hiyo mawimbi yake yanatufikia yamelala ubavu. LNB inazungushwa karibu robo nzima ya duara, kama digrii 77 hivi. Nimeitwa nyumba nyingi ambazo mtu ametega vizuri kila kitu, LNB tu ndiyo imebaki wima kama ilivyotoka dukani, ubora ni sifuri. Ukishaipata, kaza na piga alama.

Kinachobaki kila mkihama ni mwelekeo peke yake. Ni digrii 281 kwenye dira, yaani magharibi, halafu kidogo kuelekea kaskazini. Kondoa ni 279. Dira ya simu inatosha, ila ondoka hatua kumi kutoka kwenye gari na mtambo, chuma chote kile kinaidanganya. Simama pale unapotaka kuweka stendi kabla hujaiweka, chagua alama ya mbali kama kilima au mti, halafu lenga dishi kwenye alama hiyo.

Baada ya hapo mtu mmoja akae na TV kwenye ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu isikuzuzue, hiyo inapanda hata dishi likitazama mbuyu, kwa sababu LNB ikipata umeme inatoa kelele zake. Angalia ubora. Sogeza dishi kidogo, nusu kidole, hesabu mpaka tano, kisha sogeza tena. King'amuzi kinahitaji muda wa kushika. Wanaokosa wengi waliipita setilaiti bila kujua, mkono ulikwenda haraka kuliko mashine. Ukiipata, endelea mpaka uone ubora unaanza kushuka, rudi nyuma mpaka ushuke upande wa pili, ukaze katikati ya hapo.

Angalia pia mlingoti wa mtambo wenu usisimame upande wa magharibi wa dishi. Kuhusu miti tuna bahati, kwa sababu setilaiti iko juu sana: mti wa mita tisa unatosha uwe mbele kwa mita sita au saba. Wenzetu wa Ulaya wanalenga chini, mti mmoja tu unawaharibia kambi.

Jambo la mwisho ni waya. Tumia waya mnene wa dishi, siyo ule mwembamba, mita kumi na tano zinatosha. Usiubane kwenye mlango wa gari, ukishajikunja pale ndani umekwisha ingawa nje unaonekana mzima. Koneta ya nje izungushie utepe, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia LNB ili maji ya mvua yadondokee chini yasifuate waya. Na uzime king'amuzi kabla ya kuchomoa au kuchomeka, waya huo una umeme unaokwenda kulisha LNB.

---

Dereva_BarabaraKuu

Nijibu hilo la kuba, maana naendesha lori la watalii kutoka Arusha kupitia Babati, Kondoa, Dodoma mpaka Iringa, na usiku nalala kambi moja na hao wenye nyumba zao za magurudumu.

Kuna aina mbili. Moja inajitafutia ikiwa gari limesimama. Nyingine inafuata setilaiti hata gari likitembea, na hiyo bei yake inatisha. Ndani ya kuba kuna dishi dogo na mota. Wengi niliowakuta wametoka Ujerumani au Uingereza, na mashine zao zimewekewa setilaiti za kwao, digrii 19.2, digrii 28.2, hizo. Wakifika huku wanabonyeza, linazunguka weee, linasema halijapata. Mzee mmoja alinisikitisha, alikuja nalo safari yote akaishia kulitumia kama mahali pa kuanikia taulo. Kama utanunua lililotumika, hakikisha linaweza kuwekewa digrii 7 Mashariki, na uliza linainuka mpaka digrii ngapi. Halafu dishi dogo linahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi, na mvua ya Januari ikinyesha, dishi dogo ndilo linalokata mapema.

Kwa kazi yako mkuu, watu waliokaa siku nne hadi wiki mbili sehemu moja, sioni sababu. Fuata ya dada fundi wa dishi hapo juu. Na mimi nina dishi la DStv la stendi. Hiyo setilaiti iko digrii 36 Mashariki na Dodoma yenyewe iko karibu 35.7, kwa hiyo hapa inakuwa karibu utosini, digrii 83. Dishi linakaa kama sinia. Likinyeshewa usiku, asubuhi nalifuta maji na majani kwanza ndipo niwashe.

---

Umeme_Kibaigwa

Mkuu, mimi ni fundi umeme wa magari. Hiyo inveta inayolia imenipa wasiwasi kuliko dishi. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Je, inveta umeiunga wapi?

MchimbaVisima_Dom

Imeungwa kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inveta ni ya volti 12, aliyefunga akasema hiyo ndiyo njia.

Umeme_Kibaigwa

Basi itoe leo, usisubiri kesho. Oltaneta inazichaji zile mbili kama kitu kimoja. Wewe unanyonya moja peke yake usiku. Asubuhi ukiwasha gari, iliyonyonywa haijazwi ikatosha na nzima inajazwa kupita kiasi. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na utakuwa Itigi kichakani na gari lisilowaka. Nimeona watu wamevutwa mpaka Manyoni kwa kosa hili.

Tenga betri ya tatu ya volti 12 kwa ajili ya nyumba tu, ichajiwe na ile paneli ya paa kupitia kontrola. Isiguse kabisa betri za gari. Halafu achana na inveta kwa ajili ya TV. Nunua TV ya AC/DC, zimejaa madukani, inakwenda moja kwa moja kwenye volti 12. Geuza adapta ya king'amuzi usome nyuma, kama imeandikwa 12V nacho kitakula betri moja kwa moja, ila hakikisha chanya na hasi hujavigeuza na uweke fyuzi karibu na betri.

Hesabu yake: TV ya inchi 24 tuseme wati 30, king'amuzi wati 12, jumla 42. Kwa volti 12 ni ampia tatu na nusu. Habari ya saa mbili na mpira, jumla masaa matatu kwa usiku, unatumia kama ampia-saa 10 au 11. Betri ya 100 unaruhusiwa kuila nusu tu kama unataka idumu, kwa hiyo hata mawingu yakifunga siku mbili tatu huna shida, mradi vijana wasichaji simu tisa na spika humo humo. Inveta yenyewe inakula hata kama hujachomeka kitu, na ikilia ujue volti za betri zimeshuka.

---

MchimbaVisima_Dom

Sijui niwashukuru vipi. Nimesoma yote mara mbili, nikawasomea vijana. Betri nimetenga, shilingi imenitoka ila nimeelewa kwa nini. Dada fundi, nina swali moja. Nikifika kambi saa tatu usiku, kilima cha kulenga sikioni. Nifanyeje?

FundiDishi_Nkuhungu

Usilenge kwa macho kaka, tumia kamba. Simama pale stendi itakapokaa, shika dira, mtume kijana na tochi atembee hatua ishirini mbele, umwelekeze kulia, kushoto, mpaka tochi ikae kwenye 281. Apige mambo (kigingi) pale. Kamba kutoka kwenye stendi hadi kwenye mambo, mkono wa LNB uwe juu ya kamba. Hata gizani utakuwa ndani ya digrii chache, zilizobaki utazimaliza kwa ule mstari wa ubora.

Na nimekumbuka jambo. Siku chache karibu na tarehe 23 Machi, na tena karibu na 20 Septemba, mchana kwenye saa tisa hivi picha itakata dakika chache halafu itarudi yenyewe. Ni jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele za mawimbi ya jua zinayafunika yale ya setilaiti. Usiguse dishi siku hizo! Kila mwaka napigiwa simu na watu waliokwisha kulifungua.

---

MchimbaVisima_Dom

Wakuu, narudi na majibu. Tuko Kwa Mtoro tangu jana.

Stendi tuliichomelea Jumamosi, miguu mitatu ya bomba la inchi moja na nusu, mmoja unarefuka kwa bolti. Tulipofika giza lilikuwa limeshaingia, nikafanya ile ya kamba na tochi. Pima maji ilituchukua muda kuliko kitu kingine, ardhi hapa ina mteremko. LNB ilikuwa imerudi wima tulipong'oa dishi kwenye keria, na ubora ukawa sifuri kama ulivyosema, dada. Nilipoizungusha, ubora ukatoka sifuri ukafika 40 kabla sijagusa kingine. Kusogeza nusu kidole na kuhesabu tano, nikafika 78. Kuanzia kushusha stendi hadi picha ni dakika ishirini na tano, na nadhani kambi ijayo zitapungua, maana sasa alama zote mbili zina rangi nyekundu.

Nikawaambia vijana wote wapande kwenye gari, washuke, wapande tena. Picha haikutikisika.

Yule aliyevunjika mtulinga amerudi kazini wiki hii, bado hanyanyui mabomba, nimempa kazi ya dira na pima maji. Ameandika kwenye daftari la kambi, chini ya kina cha kisima: Kwa Mtoro, mwelekeo 280, kuinuka 56. Jana baada ya taarifa ya habari mama yake alipiga, simu nikampa mwenyewe aongee naye.